Ng'ombe Waliofika Pembe Kwanza

Shangazi yangu ni dalali wa ng'ombe, na kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kuuza ng'ombe mdogo. Kuna wakubwa, kuna wakubwa sana, na kuna wale ambao "bado wanaendelea kukua." Amezunguka minada ya Shinyanga tangu mimi nikibebwa mgongoni, mabuti ya mvua miguuni, kitenge kiunoni na fimbo mkononi, na wanaume wa mnadani humpisha kama wanavyopisha dume lililokata kamba.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nina chumba kimoja cha ofisi pale Kambarage, Shinyanga mjini, kati ya saluni na duka la vifaa vya ujenzi, chenye meza mbili, feni moja, na intaneti ya waya tunayogawana na saluni. Asubuhi moja shangazi aliingia bila kubisha hodi, akaweka simu mpya mezani kwangu taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hii simu inapiga picha mpaka unamwona kupe."

"Unataka wateja wamwone kupe?"

"Wataona manyoya. Kupe tutamtoa." Akavuta kiti. "Nataka mtu akiwa kule Runzewe machimboni, akifungua simu yake, amwone ng'ombe wangu kama amesimama mbele yake. Achague, abonyeze, nimpelekee. Unaweza au niende kwa mwingine?"

Nilisema naweza. Kwa wiki tatu nikajenga ukurasa mmoja mrefu wenye ng'ombe arobaini, kila mmoja na picha yake, na chini ya kila picha kitufe kilichoandikwa "Namtaka huyu." Picha alipiga mwenyewe. Alipiga akiwa karibu, akapiga wima, na katika picha nyingi kidole gumba chake kilikuwa kimeingia kwenye kona ya chini kama shahidi. Nilipomwambia kwamba kila picha ni nzito, ina MB kumi na mbili, na kwamba ni vizuri nizipunguze kidogo, alinyanyua fimbo.

"Picha zangu usiziguse. Ng'ombe wangu waende wote, wazimawazima, na mikia yao."

Sikuzigusa. Ningependa kusema nilimheshimu shangazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu. Nilijua kabisa kwamba picha ya MB kumi na mbili haifai kutumwa kwenye simu ya mtu aliye porini. Ila mimi sikuwa porini. Nilikuwa Kambarage na waya wangu, na kila nilipofungua ukurasa ule ng'ombe wote arobaini walitokea kabla sijakohoa. Nikasema kazi imekwisha, shangazi akanibariki, tukanywa soda.

Tatizo la kwanza lilitokea karibu tu, kwa mwenye bucha wa mtaa wa pili. Alikuwa amechagua dume jeusi, kijana, lenye nundu iliyosimama. Alipokuwa anashusha kidole kwenye "Namtaka huyu," picha ya juu yake ndiyo kwanza ikamaliza kufunguka, ukurasa mzima ukashuka ghafla, na kidole kikatua kwenye kitufe cha ng'ombe mwingine. Shangazi akampelekea ng'ombe jike mzee mwenye pembe moja.

Mwenye bucha alimzunguka yule ng'ombe mara mbili. "Mama, huyu ndiye niliyemchagua?"

"Ndiye. Kidole chako ndicho kilichosema."

"Mimi nilichagua dume!"

"Basi mgombane wewe na kidole."

Shangazi alimbadilishia, kwa sababu pamoja na maneno yake ana huruma, lakini alinipigia simu kuniuliza. Nilimwambia huenda kidole kiliteleza. Nilijua si kweli. Sikuwa nimeuambia ukurasa kila picha ihifadhiwe nafasi kiasi gani, kwa hiyo kila picha ilipofika ilisukuma wenzake, kama mtu aliyechelewa kanisani akalazimisha kukaa katikati ya benchi. Nikajiambia nitarekebisha wiki ijayo.

Wiki ijayo ikaja na simu kutoka Runzewe.

Aliyepiga alikuwa mwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa na fedha ya kutosha ila hakuwa na hata mkia wa ng'ombe, na mwanawe wa kiume alikuwa anataka kuoa. Upande wa binti walikuwa Wasukuma wa kijijini wasiotaka kusikia mahari ya noti. Wanataka ng'ombe, tena waliochaguliwa mbele ya macho yao. Shangazi akawa amemwambia asihangaike kusafiri. Awakusanye wazee, awafungulie simu, wachague. Sasa alikuwa amewakusanya. Shangazi akaweka sauti ya nje ili nami nisikie sifa zangu.

"Mama, tumekaa hapa tangu saa nne. Tunaona pembe tu."

"Pembe zenyewe nzuri au mbaya?"

"Nzuri. Lakini wakwe wanasema mahari hailipwi kwa pembe."

"Subirini, wanakuja."

"Mama, tumehesabu. Tuna pembe za ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeshuka chini ya masikio."

Shangazi akakata simu, akanitazama. "Wewe mtoto wa kaka yangu. Kesho kikao kinarudiwa. Tutakwenda wote wawili, ukawaeleze ng'ombe wangu wamekwama wapi."

Tuliondoka na basi la alfajiri. Njiani nilikuwa nafungua ukurasa wetu kwa simu yangu ya pembeni, ile ya bei rahisi, na kupima. Pale Tinde, ng'ombe wa kwanza alifunguka nikiwa nimeanza kukata tamaa. Isaka, tulipokwama nyuma ya foleni ya malori ya mizigo, shangazi alinunua mayai ya kuchemsha. Yeye alimenya yai, akalitia chumvi na pilipili, akalila, akajifuta mikono, na ng'ombe alikuwa amefika shingoni. Baada ya Ushirombo sikupima tena. Nilikuwa nimeanza kuona aibu, na sikutaka shangazi aione.

Nyumba ya mwenye karasha ilikuwa pembezoni mwa mji. Mashine yake ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta, na vumbi la mawe lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya vikombe vya chai. Wageni walikuwa wameshakaa: upande huu watu wa bwana harusi, upande ule watu wa binti, na katikati yao, kwenye kiti chenye mto, babu yake bibi harusi. Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kamba ya mpira nyuma ya kichwa. Tulipiga magoti tukamwamkia.

"Marahaba. Ndio nyie wenye pembe?"

Mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, kando ya tangi la maji. Kwa hiyo kikao kizima kilinyanyuka, kila mtu na kiti chake, kikahamia pale kando ya tangi na kupangana upya kwa ukoo. Babu akasema simu ataishika yeye, kwa sababu ng'ombe wanaletwa kwake. Nikamfungulia.

Zikaja pembe.

"Pembe nimeziona," akasema babu. "Zimekaa vizuri. Haya, mlete." Akanitazama mimi kana kwamba nimemshika yule ng'ombe kwa kamba nyuma ya mgongo wangu.

Tukangoja. Ikaja paji la uso. Yakaja macho. Wazee wa upande wa binti wakainamia simu, mmoja akasema huyu ana macho ya aibu, shangazi akajibu kuwa ni upole. Yakaja mabega. Watu wakaanza kuchangamka. Ikaja nundu, ukaja mgongo mrefu ulionyooka, na mjomba mmoja akapiga makofi kabisa. Kisha, katikati ya tumbo, picha ikasimama. Kile kiduara kikabaki kinazunguka.

Babu akaigeuza simu, akatazama nyuma yake, akairudisha. "Ni dume au jike?"

"Jike," akasema shangazi.

"Jike, babu," akasema mwenye karasha.

"Mmeniambia. Sijaona." Akawageukia watu wake. "Kwa nini amefichwa hapo hapo?"

Upande wa binti ukaanza kunong'ona. Mjomba aliyepiga makofi akaichukua simu akaiinamisha, kana kwamba ng'ombe ataserereka ashuke. Wakati huo huo bando likaisha. Mama wa bwana harusi akakimbia dukani kununua jingine, karasha ikazidi kunguruma, na mimi nikawa nasali ardhi ya Runzewe, ambayo watu wameichimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kila upande, ifungue moja hapo miguuni pangu.

Bando likaingia. Ukurasa ukaanza upya. Zikaja pembe.

"Amerudi nyuma!" akasema babu. "Huyu ng'ombe anakwenda kinyumenyume!"

Sijui tulikaa pale muda gani. Chai ilinywewa ikaisha. Tukapita tena macho ya aibu, tukapita mabega, nundu, mgongo, tumbo, na watu wote, pande zote mbili, wakawa wamesimama juu ya babu bila kupumua. Hatimaye sehemu ya mwisho ya picha ikafunguka. Pale pale ambapo wazee walikuwa wanapangojea, palikuwa na kidole gumba cha shangazi.

Kisha mwanamke mmoja wa upande wa binti akaanza kucheka, akajaribu kukizuia kicheko kwa kanga, kikamshinda. Babu alinirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "simu hii ni nzuri kwa kusalimiana."

Kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili. Kwenye basi la kurudi, tulipofika Kahama, shangazi alinunua mayai ya kuchemsha, akayala yote peke yake. Halafu akasema, akiwa anatazama dirishani, "Kidole ni changu. Mengine yote ni yako."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi kaniponye."

Kesho yake nilianza. Jambo la kwanza lilikuwa kumweleza kwa nini picha lazima ziguswe, na nikajua nikitumia lugha ya kitabuni atanyanyua fimbo. Nikamwambia, "Shangazi, ukiwa na ng'ombe arobaini na mlango wa zizi ni mmoja, mwembamba, unawatoaje?"

"Mmoja mmoja. Wakitoka wote wanabanana, hatoki mtu."

"Sisi tumewafungulia wote arobaini kwa mara moja. Ndiyo maana wote walitoa pembe tu."

Akafikiri. "Kumbe ni wewe uliyefungua mlango vibaya."

Ni mimi. Nikaupanga ukurasa uite ng'ombe wa kwanza na wa pili tu, na wengine wasiitwe mpaka kidole cha mteja kiteremke kuwakaribia. Nikahifadhi nafasi ya kila picha mapema ili asisukumwe mtu. Mwenye bucha alipojaribu tena alibonyeza vitufe vyote alivyovikusudia na akaniambia nikiombe radhi kidole chake. Picha zenye kidole gumba zilipigwa upya, safari hii mimi nikiwa nyuma ya shangazi nimemshika kiwiko. Vita ikabaki moja, ya kupunguza ukubwa.

"Kioo cha simu ya mteja ni kama kiganja," nilimwambia. "Wewe unamtumia picha ya kujaza ukuta wa ghala."

"Kwa sababu ng'ombe wangu ni wakubwa!"

"Watabaki wakubwa."

"Ukiwabana watakonda. Mimi naujua mnada, mtu akiona ubavu anashusha bei."

Nikaweka simu mbili mezani, zinazofanana. Kwenye moja niliweka picha yake kama alivyoipiga. Kwenye nyingine niliweka picha ile ile niliyoipunguza na kuibana kwa aina mpya ya faili, mpaka ikawa nyepesi kuliko hata wimbo wa dakika moja. Sikumwambia ipi ni ipi. Alivaa miwani. Alihesabu mbavu, kwa kidole, simu hii na simu hii. Aliita msusi wa saluni aje asaidie. Mwishowe akaigonga simu ya kulia kwa fimbo.

"Huyu ndiye wangu. Huyo mwingine umemkondesha, tazama hata macho yamemtumbukia."

"Shangazi, uliyemchagua ndiye niliyempunguza."

Aliitazama ile simu nyingine muda mrefu. Msusi alirudi saluni kwa hatua za kunyata.

"Kumbe alikuwa amevimba tu," akasema shangazi, na suala la ukubwa likaishia hapo.

Halafu nikafanya kosa la kujiona mjanja. Nikaweka kivuli chenye ukungu mahali pa kila picha, kitangulie wakati picha yenyewe inakuja, kama wanavyofanya kwenye tovuti za maana. Shangazi akafungua, akapiga yowe. "Ng'ombe wangu wameingiwa na ukungu machoni! Nani atanunua kipofu?" Nikauondoa. Mahali pake nikaweka rangi tupu ya ng'ombe mwenyewe: mweusi anaanza na mraba mweusi, mwekundu na mraba mwekundu. Hiyo aliikubali, ila akauliza mteja atajuaje kama ule mraba ni ng'ombe au ni turubai.

"Tunaweza kuandika maneno," nikasema. "Maneno ni mepesi mno. Yatafika kabla ya picha, hata kule kwenye tangi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule nilikuwa nimekalia dhahabu. Shangazi alisimama katikati ya ofisi, akafumba macho, akaanza kuwataja ng'ombe wake arobaini, bila picha, bila daftari. Kisukuma kina jina lake kwa kila namna ya baka na kila namna ya pembe, na alipokosa Kiswahili alilitoa lile la nyumbani kisha akalifafanua kwa mikono. *Jike, mimba ya kwanza, mweusi, tumbo jeupe kama amelalia unga. Dume, rangi ya chai ya maziwa, pembe zinatazamana kama watu wanaotaka kusemezana. Jike, mama wa ndama wawili, anatembea taratibu, haogopi mbwa.* Niliandika mpaka vidole vikauma. Wasusi na wateja wao walikuja kusimama mlangoni, mmoja akiwa na nusu ya nywele zake zimesukwa.

Alipofika kwa ng'ombe wa thelathini na moja akasema, "Jike, mwekundu, maziwa mengi. Anapiga teke, upande wa kushoto."

Nikaacha kuandika. "Hilo la teke tuliandike kweli?"

"Kwani hapigi?"

"Shangazi, hii ni biashara."

"Mimi naongeza ukubwa," akasema kwa ukali. "Teke sifichi. Mtu anaweza kuvunjika mguu."

Tukaliandika.

Tuliporudi Runzewe, viti vilikuwa vimeshapangwa kando ya tangi. Babu alikataa kuishika simu. Akasema afunguliwe mwenye karasha, yeye atasikiliza. Nikaufungua ukurasa, na maneno yakaja yote mara moja. Mwenye karasha, mtu mwenye sauti ya kushindana na mashine, akaanza kusoma. Babu alivua miwani. Kila ng'ombe alipotajwa alitikisa kichwa kidogo, na mara nyingine alimkatiza kumuuliza shangazi swali moja la Kisukuma, naye akajibiwa kwa neno moja. Usomaji ulipofika kwa yule mwenye tumbo kama amelalia unga, babu akasema, "Hebu nimwone." Alipomaliza kuvaa miwani, ng'ombe alikuwa ameshasimama kwenye kioo, pembe mpaka kwato. Mzee akashtuka, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyefunguliwa mlango kabla hajabisha hodi.

"Huyu amekuja lini?"

"Sasa hivi, babu," nikasema.

Alichagua ng'ombe wote wa mahari kabla chai haijapoa. Wa mwisho kuchaguliwa alikuwa yule wa teke. Yule mjomba wa makofi akajaribu kumzuia, akamkumbusha kilichoandikwa.

"Ndiyo maana namtaka," akasema babu. "Mtu aliyekiri teke, basi hata maziwa aliyoyataja yapo kweli."

Ng'ombe walipelekwa na shangazi mwenyewe, kwa lori. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa kwamba wakati wa kukabidhiana mwenye karasha alimshika yule mwekundu kwa mbwembwe, akiwa amesimama kushoto, na kwamba alichechemea mpaka siku ya harusi. Alipolalamika, babu alimjibu kwamba yeye ndiye aliyelisoma kwa sauti, tena mbele ya mashahidi.

Shangazi sasa huwaambia watu mnadani kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya mtandao. Sibishi. Baada ya harusi ile nilifanya jambo nililopaswa kulifanya miaka mingi nyuma: nilitoka ofisini na ile simu ya bei rahisi, nikapanda bodaboda mpaka mahali penye mtandao mbovu, nikakaa juu ya jiwe na kufungua tovuti zote nilizowahi kumtengenezea mtu. Niliona haya peke yangu pale. Kumbe miaka yote nilikuwa nawatengenezea watu waliokaa kwenye kiti changu.

Nilizirekebisha moja baada ya moja, bila kumwambia mtu. Mmoja tu ndiye aliyegundua, mwenyekiti wa kwaya moja, ambaye tovuti yao ilikuwa na picha kubwa ya wanakwaya wote wamesimama kwenye ngazi. Alinipigia simu akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Dada, umefanya nini? Akina mama wa safu ya mbele wanaonekana!"

"Kwani hawakuwa wanaonekana?"

"Miaka miwili!" akasema. "Miaka miwili wananiambia nawapendelea wa nyuma."